Nilimwonyesha Chifu Mbuzi wa Harusi ya Wengine

Hakuna kitu kingeweza kunishtua mimi. Nilikuwa nikisema hivyo kila mahali, na mtu yeyote wa Kisumu Ndogo, Kibera, aliyenijua na kamera begani atakwambia sidanganyi. Nimeona bwana harusi akizirai madhabahuni. Nimeona wake wawili wa mtu mmoja wakijuana kwa mara ya kwanza kando ya jeneza, na kamera yangu haikutikisika. Nikajua nimeona yote.

Nilikosea. Kile ambacho sikuwa nimeona ni mimi mwenyewe nikidanganya mbele ya watu, na mke wa rafiki yangu akiulipia uongo huo.

Naandika bila jina kwa sababu bado naona haya. Majina ya wengine pia nimeyabadilisha. Mengine yote nimeyaacha yalivyokuwa, maana nimeshabadilisha ya kutosha.

Kwanza mnijue, ili muelewe kiburi kilitoka wapi. Shule niliiacha darasa la tano huko Kitui. Nairobi nilikuja na shati moja, nikabeba simiti kwa mjengo, nikauza mahindi ya kuchoma, nikapiga watu picha za kitambulisho. Hakuna aliyenishika mkono. Ilipofika mwaka wa 2007 nilikuwa na duka langu Kibera, lenye kompyuta, printa, na bango la STUDIO ambalo ungelisoma ukiwa juu ya reli. Vijana waliosomea video chuoni walikuja kwangu kuazima taa. Nilikuwa nawaazima, halafu nawasimanga.

Kamera niliyonunua mwaka huo haikutumia kanda. Ilikuwa na diski ndani yake. Ukibonyeza kuanza na ukabonyeza kusimama, hiyo ni video moja, na kamera inaipa jina yenyewe: MOV001, inayofuata MOV002, hivyo hivyo mpaka kazi iishe. Ukifika dukani unahamisha zote kwa kompyuta, unasafisha kamera, na kazi ya Jumamosi ijayo inaanza tena MOV001. Kwa hivyo harusi ya fundi cherehani ilikuwa na MOV001 yake, mazishi ya mama muuza omena yalikuwa na MOV001 yake, na ubatizo wa mapacha hali kadhalika. Kila kazi ilikuwa na folda yake, lakini folda nazo sikuzipa jina. Niliziacha vile kompyuta ilivyoziita: folda mpya, folda mpya ya pili, ya tatu.

Tarehe nayo haikusaidia. Betri ya saa ya kamera ilikuwa imekufa, kwa hivyo video zangu zote, ukiziuliza, zilizaliwa siku moja, mwaka ambao hata sikuwa na kamera.

Watu waliniambia, "Fundi, andika majina."

Nikawaambia, "Majina yako hapa," nikijigonga kichwa. Na kweli yalikuwapo. Ungenitajia harusi, ningekuonyesha folda yake kabla hujamaliza kumeza chai. Nilijua harusi kwa uzito wa faili. Faili nzito ni hotuba ya mchungaji. Faili nyepesi nyepesi zimefuatana ni watu wakitunza zawadi.

Rafiki yangu nitamwita Otieno. Alikuwa fundi wa mabomba, Mjaluo mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto. Mashimoni, huko huko Kibera, alikuwa amejenga vyumba vitatu vya udongo na mabati: kimoja akilala na familia, viwili akipangisha. Jumamosi alinishikia taa kwenye harusi. Sikumlipa wala hakuomba. Alipenda kula na kunicheka.

"Bosi," angeniambia nikiwa nimepiga goti mbele ya keki, "hiyo keki imekuchoka. Piga watu."

Mke wake alikuwa dada wa kwetu, Mkamba wa Machakos. Nitamwita Mwende. Waliishi pamoja kwanza, kama wengi mtaani, wakapata mtoto, Achieng. Halafu Otieno akaamua kufanya mambo kwa heshima. Kwetu Ukambani mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao. Ni mbuzi watatu, na mmoja, dume, anachinjwa siku hiyo na kuliwa na pande zote mbili. Cheti hakuna. Cheti ni ile nyama na watu walioila pamoja.

Tulienda Machakos katikati ya 2007. Otieno, mimi na kamera, na baba yake mdogo, mzee mpole aliyekuwa mlinzi wa usiku maisha yake yote. Ndugu mkubwa wa Otieno alikataa kuja. Alisema wasichana wa kwao hawajaisha, na baadaye hakutaka kusikia kama mbuzi walifika. Dume la kuchinjwa Otieno alilinunua mwenyewe, jeusi tititi, akalisifu njia nzima kama mtu aliyenunua gari.

Siku hiyo nilipiga video kuliko siku zote. Kwa mteja napiga za kumtosha. Kwa Otieno nilibonyeza na kusimamisha, nikabonyeza na kusimamisha, kila mzee, kila sahani, mpaka betri ya akiba nayo ikaanza kulia. Picha za kawaida sikupiga hata moja. Nilisema video inatosha.

"Yangu utanitengenezea lini?" aliniuliza tuliporudi.

"Wewe ni wa nyumbani. Wateja kwanza."

"Sawa bosi. Nitaiona na wajukuu."

Kila mara akiniuliza nilimjibu hivyo. Nilitengenezea CD watu ambao leo hata sikumbuki sura zao. Yake sikuitengeneza.

Matokeo ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka ule yalipotangazwa Kibera ikawaka. Wengi wenu mnajua, na waliokuwapo hawahitaji mimi niwaeleze. Baada ya siku chache watu wakaanza kuuliza Wakamba wako upande gani, na jibu lililozunguka mtaani halikuwa zuri kwetu. Jirani mmoja, ambaye nilimpigia ubatizo wa mtoto bila malipo, alikuja mlangoni akaongea huku anaangalia chini.

"Fundi, ukiweza, usilale hapa leo."

Nikamwambia mimi siogopi mtu.

"Najua," akasema. "Lakini usilale."

Kompyuta haingebebeka. Nilikuwa na diski ya kubeba, kubwa kama kitabu cha nyimbo za kanisa. Ningehamisha folda moja moja, lakini folda zilikuwa nyingi, nyingine zimeingia ndani ya nyingine, na huko nje kelele ilikuwa inakaribia. Nikatumia akili, ile niliyokuwa nikijivunia. Niliiambia kompyuta: nitafutie video zote zilizo humu. Ikazikusanya zote mahali pamoja, MOV001 na MOV001 na MOV001, mamia kwa mamia. Nikazichagua zote kwa mkupuo, nikazituma kwa diski.

Kompyuta ikaniuliza kitu kwa Kiingereza. Nilikielewa nusu: jina hili liko tayari, nibadilishe? Kulikuwa na kitufe cha kukubali zote mara moja. Nikakibonyeza, nikaenda kufunga nguo.

Kama hujaelewa nilichofanya, mimi pia sikuelewa siku ile. Video mbili haziwezi kukaa mahali pamoja na jina moja. Kila MOV001 iliyofika ilikanyaga ile iliyotangulia ikakaa mahali pake. MOV002 hivyo hivyo. Nilidhani nabeba kazi yangu yote mgongoni. Nilibeba mabaki, na aliyezifuta nyingine ni mimi, kwa kidole hiki.

Nilitoka Kibera kwa miguu na mkoba mmoja, nikafika Kawangware kwa binamu yangu. Huko nako palikuwa na moto wake, lakini ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilikuwa na Wakamba watupu, tukalinda lango kwa zamu. Duka langu likavunjwa. Bango tu ndilo liliachwa.

Wiki iliyofuata Otieno alitoka kutafuta unga, akapigwa risasi karibu na reli. Nani alifyatua, hakuna anayejua mpaka leo. Niliambiwa kwa simu. Sikuenda. Nilisema njia ni mbaya, na ilikuwa mbaya kweli, lakini wanawake walipita njia hiyo hiyo na watoto mgongoni.

Ndugu yake mkubwa alisafirisha maiti kwenda kuzika nyumbani. Mwende aliambiwa gari limejaa. Akabaki Mashimoni na mtoto, akasikia maziko ya mume wake kwa simu ya jirani, mtu wa huko ameshika ya kwake juu kaburini ili asikie nyimbo.

Wakubwa wa siasa walipopatana na barabara zikafunguka, ndugu mkubwa akarudi Nairobi. Hakuwa mtu mbaya kwa kumtazama. Alikuwa amefiwa, na alihitaji mtu wa kubeba lawama, na Mwende alikuwa karibu. Akasimama mlangoni akamwambia:

"Hivi vyumba ni vya ndugu yangu. Wewe ulikuwa unaishi naye tu. Nani wa kwetu aliyekula mbuzi wako?"

Kesi ikaenda kwa chifu. Chifu akasikiza, akasema maneno ya watu wa Machakos pekee hayatatosha, na yangu pia hayatatosha kwa kuwa mimi ni Mkamba na rafiki wa nyumba. Anataka mtu wa upande wa mume aliyekuwapo, au picha. Akatoa siku ya kusikiza tena.

Mwende alikuja Kawangware amemshika Achieng mkono. Alikuwa amekonda. Hakuketi.

"Shemeji, ile video ya ntheo iko?"

"Iko."

"Umeiona?"

"Mwende, mimi ni mtu wa kupoteza video? Iko."

Msomaji wangu, diski ilikuwa chini ya godoro, na tangu nitoke Kibera sikuwa nimeifungua hata mara moja.

"Nauliza kwa sababu baba mdogo amekubali kuja kusema," aliniambia. "Lakini anaumwa, na mtoto wake anataka kumpeleka nyumbani. Nimshike angoje?"

"Mwache mzee akapumzike. Chifu akiona hiyo video ataomba nyama."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu msiba, na mimi nikajisikia mtu mkubwa. Wiki hiyo hiyo mzee akapanda basi akaenda nyumbani.

Nikaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia kwa dakika, nikachomeka diski. Nilitarajia mamia. Nikaona orodha moja fupi, MOV001 mpaka MOV112, basi. Kila jina mara moja tu. Nikafunga, nikafungua tena. Nikachomoa diski nikaipangusa kwa shati, kana kwamba tatizo ni vumbi. Mwenye saiba akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia mimi sipotezi vitu.

Hapo ndipo ningepiga simu. Mzee alikuwa ndio kwanza amefika kwao, bado angeweza kurudishwa. Maneno yalikuwa mawili tu: Mwende, zimepotea. Sikuweza kuyatoa. Mimi, fundi, niseme nimefuta kwa kutojua kusoma swali?

Nikaanza kufungua moja moja. Kwa nje zote zinafanana, lazima ucheze ndipo ujue. MOV001 ilikuwa mazishi. MOV002 mazishi hayo hayo. MOV007 ilikuwa harusi ya kanisa, MOV012 ilirudi mazishini. Nilikuwa natafuta mbuzi, na kwenye ntheo mbuzi hupokelewa mapema, kwa hivyo nikatafuta mwanzoni mwanzoni tu. Hizo za namba za juu, za mwisho kabisa, sikuzigusa. Nilijiambia mwishoni mwa sherehe kuna nini? Watu wanakula, watu wanaaga. Mimi naijua kazi yangu.

Kufika MOV019 nikaona udongo mwekundu, mwembe umefungwa kamba, na mbuzi watatu. Wazee wamegeuza mgongo, mkono wa mtu unapokea kamba, sauti za Kikamba. Ntheo.

Lakini mbuzi wote watatu walikuwa wa kahawia na mabaka meupe. Dume jeusi halikuwapo.

Nililiona hilo. Nataka lieleweke. Sikudanganyika, nililiona. Nilikuwa nimepiga ntheo nyingi mwaka ule, na hiyo ilikuwa ya watu wengine, upande wa kwetu Kitui. Nikakaa pale, saiba inahesabu dakika, nikajiuliza: nani huko kwa chifu anajua rangi ya mbuzi? Ndugu mkubwa hakuwapo. Nitacheza kile kipande cha migongo na kamba, halafu nitasimamisha kabla nyuso hazijageuka.

Siku ya kesi nilivaa koti. Nilikodi laptop Kawangware, nikaibeba mpaka kambi ya chifu, Kibera, nikaiweka mezani kama daktari anayeweka vyombo. Watu walijaa mpaka dirishani. Ndugu mkubwa aliketi na wenzake wawili. Mwende aliketi peke yake kwenye benchi, Achieng magotini, mwenyewe amevaa nguo ile ile aliyovaa siku ya ntheo, ili chifu amtambue kwenye video.

Nilipoiona hiyo nguo nikajifanya natafuta waya wa laptop. Bado ningeweza kusema.

"Bwana video, haya," chifu akasema.

Nikacheza. Udongo mwekundu, kamba, mbuzi.

"Hao ndio mbuzi," nikasema. "Hapo ni Machakos. Huo mkono ni wa baba yake Mwende."

Nilimtazama Mwende kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameshajua. Mtu hasahau mbuzi walioletwa kwa ajili yake. Uso wake ulikuwa umefunguka kabla sijabonyeza, na nikauona ukijifunga polepole. Nikanyoosha kidole kusimamisha.

"Wacha iendelee," chifu akasema.

"Mheshimiwa, sehemu muhimu ndiyo hiyo..."

"Nimesema iendelee. Nataka kuona mwenye mbuzi."

Ikaendelea. Wazee wakageuka. Akatokea kijana mfupi mnene mwenye suti ya kijivu, anatabasamu, na mwanamke nyuma yake akapiga vigelegele akitaja jina la binti ambaye si Mwende.

Mtu dirishani akacheka.

"Mama," chifu akamuuliza Mwende, "huyo ni mume wako?"

Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kulia. Alisema, "Hapana."

"Hao ni mbuzi wako?"

"Hapana."

Ndugu mkubwa hakucheka. Nilidhani atacheka. Alisimama akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Hata mbuzi wameazima, chifu. Sasa mimi niamini nini hapa?"

Nikaanza kueleza, kompyuta, majina, namba, swali la Kiingereza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo zaidi. Mzee mmoja wa kamati akaniambia niketi, nikakosa pa kuketi. Baada ya hapo hata wazazi wake Mwende walipopiga simu kutoka Machakos hakuna aliyewasikiza, na baba mdogo alipompigia chifu kutoka kitandani, chifu alimwambia, "Mzee, hao watu walishaniletea mbuzi wa uongo. Nitajuaje simu yako ni ya kweli?"

Vyumba vikapewa ndugu.

Nje, Mwende alimfunga Achieng leso mgongoni. Nilisimama karibu kama mtu anayengoja kupewa chenji.

"Ungeniambia imepotea," alisema. Hakupandisha sauti. "Mzee alikuwa hapa hapa Kibera. Ningemshika mkono nimlete."

"Shemeji..."

"Mimi si shemeji yako. Umesikia chifu. Mimi sikuolewa."

Akaondoka kuelekea Mashimoni kufunga vitu. Mwisho wa mwezi alikuwa Machakos kwa wazazi wake, na vyumba vilikuwa vimeuzwa.

Sasa niwaambie kuhusu upweke, maana huo hauonekani kwenye video.

Nilipanga chumba Kawangware. Nikanunua kompyuta kuukuu. Kazi ilipungua, habari za mbuzi zilitembea haraka kuliko bango langu lilivyowahi kutembea. Kibera sikuweza kupita, na hapa sikujuana na mtu. Binamu yangu alikuwa akiniita chakula mwanzoni, baadaye akaacha, kwa sababu nilikuwa nikikaa mezani kwake nikieleza vile mimi si mtu wa kupoteza vitu.

Jumapili, wakati ploti nzima imeenda kanisani, nilikuwa nafunga mlango nacheza hivyo vipande. Si kwa kutafuta kitu. Kwa kuwa na watu chumbani. Nilikuwa na nusu ya hotuba ya mchungaji, robo ya keki, bibi harusi anayeingia kanisani na mwingine anayetoka. Nimekaa nao sana hao watu. Najua mama yupi hulia kabla ya wengine na mjomba yupi huiba soda. Hakuna hata mmoja anayenijua, na kwa kuwa mimi ndiye nilishika kamera, hakuna hata kipande kimoja nilimo.

Ndivyo nilivyofika kwa zile za juu. Nilikuwa nimemaliza nyingine zote, zimenichosha, nikaacha zijichezee zenyewe huku nakuna nazi ya wali. Nikasikia sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

"Bosi! Leo na wewe uonekane!"

Niligeuka na nazi mkononi. Nilikuwa mimi kwenye kioo cha kompyuta, nimekaa mkekani, nimeshika mfupa, mafuta kidevuni, nakataa kwa mkono. Otieno ndiye alikuwa ameshika kamera. Picha inatikisika kwa sababu anacheka.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba aliichukua.

Nikaangalia jina. MOV098. Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimechelewa mwaka mzima. Kazi nyingine zote ziliishia chini ya tisini. Ntheo ya Otieno peke yake ndiyo ilifika mia na zaidi, kwa sababu siku hiyo sikupumzisha kidole. Kwa hivyo namba za juu hazikuwa na mwenzao wa kuzikanyaga. Zilikuwapo chini ya godoro siku Mwende alipokuja. Zilikuwapo saiba. Zilikuwapo mezani kwa chifu, ndani ya ile ile diski niliyochezea mbuzi wa watu.

MOV105 ni ngozi ya dume jeusi imeanikwa kwenye ua. MOV109 watu wanaagana. Baba mdogo amesimama langoni na kofia mkononi, wazazi wa Mwende upande huu, Otieno na Mwende upande ule, naye anasema polepole, kwa Kiswahili, ili kila upande usikie:

"Kuanzia leo huyu ni mke wetu. Tumekula, tumeshiba. Mtu wa kwetu asije akasema hakuambiwa."

Nilikaa chini. Wali ukaungua.

Nilimpelekea chifu. Aliitazama mara mbili, akavua miwani. "Hii ungeileta siku ile," akasema, "ningemaliza kesi kabla ya chai." Lakini baba mdogo alikuwa ameshafariki, na vyumba vilikuwa na mwenyewe mpya, mfanyabiashara Mnubi aliyenunua kwa haki na kuweka mabati mapya.

Nilimpigia Mwende. Nilitumia namba ya mtu mwingine, kwa sababu yangu hakuwa anapokea.

"Nimeipata," nikamwambia.

Nilisikia kuku huko kwao.

"Anaongea?" aliuliza.

"Otieno? Anaongea. Anacheka pia."

"Tuma kwa kaka yangu. Wewe usije."

Nilitengeneza CD tatu, nikaziandika kwa kalamu jina, mahali na walio ndani. Kaka yake alizichukua stendi ya Machakos, akanishukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni.

Ndugu yake Otieno pia nilimpelekea moja. Aliitazama akiwa amesimama. Alipofika pale baba mdogo anaongea, alikaa. Akaniambia pesa za vyumba alishazitumia kwa deni la mazishi, na kwamba angejua kweli Mwende ni mke wao angempa nafasi kwenye lile gari. Hilo la gari ndilo linanirudia nikiwa peke yangu.

Nimewaambia haya ili mtu mwingine asiyarudie. Mtu akikuuliza kama kitu chake kiko, usijibu kwa mdomo kabla ya kufungua ukaona kwa macho. Kama kimepotea, mwambie siku hiyo hiyo, angali na njia nyingine ya kupita. Wewe unayepiga video, kipe kila kitu jina lake siku ile ile, ukitazame mpaka mwisho, na rafiki yako mtengenezee yake kabla ya mteja yeyote. Na ukiwa hujui kusoma swali, uliza. Mimi niliona haya kuuliza maneno manne ya Kiingereza.

Yule Mnubi tuliongea naye sana. Alikuwa mtu wa haki. Alisema hataki faida, nirudishe tu alichotoa. Niliuza kamera, taa, na shamba dogo nililokuwa nimejinunulia Kitui la kuzeekea. Tukaandikishana mbele ya chifu, vyumba vitatu, jina la Mwende. Mwende alimtuma kaka yake kuchukua funguo. Salamu hakuleta, nami sikuuliza kama zipo.

Vyumba pamoja na mabati mapya: shilingi 163,500.